Re: Moshi wa Chiang Mai, nihame au nivumilie?

Umeuliza kama ukae tu Chiang Mai mwezi wa tatu na mtoto mwenye pumu, ununue mashine ya kusafisha hewa basi. Mi nakwambia hama ndugu yangu, tena usisubiri moshi uanze. Kule kaskazini mwa Thailand wanachoma mashamba na misitu inaungua kama Februari mpaka Aprili, na mji wenyewe uko bondeni umezungukwa na milima kwahiyo moshi unatuama palepale, kuna siku hata mlima Doi Suthep huuoni na uko hapohapo juu ya mji.

Usikimbilie Pai wala Chiang Rai, nako ni kaskazini hukohuko, moshi ni huohuo. Bangkok nako hewa huwa mbaya miezi ya baridi. Nenda kusini kabisa, Krabi au Koh Lanta, upepo wa bahari unasaidia sana.

Kabla hujalipia nyumba angalia vipimo vya PM2.5 (zile chembe ndogo sana za moshi zinazoingia mpaka mapafuni) vya mwaka jana miezi hiyohiyo, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa.

Na kama lazima ubaki wiki moja mbili, chagua chumba kimoja, ziba madirisha na ule upenyo wa chini ya mlango, weka mashine ya kusafisha hewa yenye filta ya HEPA, ile inayonasa chembe ndogo sana, mtoto alale humo. Barakoa ya kitambaa haizuii zile chembe ndogo, chukua N95, barakoa inayochuja chembe ndogo, ya saizi yake maana ikiachia mashavuni moshi unapita pembeni. Inhela beba na ya akiba, na muone daktari wake kabla hamjasafiri.