Ukuta unaota fangasi kila baridi na paa halivuji: angalia nyuma ya soketi

Mkuu, umesema ukuta wa chumbani kwako huko Minneapolis unaota fangasi kila baridi, paa halivuji, na fundi kakushauri upake rangi ya kuzuia fangasi. Hiyo hela iache mfukoni kwanza. Mimi nikiwa Minnesota hukohuko nilipaka miaka miwili mfululizo, wakarudi kama wapangaji wenye mkataba.

Mwaka wa tatu, mwezi wa kwanza, nje hasi 20, nikakata jipsamu mwenyewe. Ile pamba ya nyuzi za kioo inayojazwa ukutani kuzuia baridi ilikuwa safi isipokuwa nyuma ya soketi. Pale ilikuwa nyeusi tii, doa limepanda juu kama moshi wa kibatari. Kuivuta, naona plaiwudi ya nje imeganda barafu, inametameta kama friza kuukuu. Siku zote natafuta maji ya mvua, kumbe ni mvuke wa maharage yangu mwenyewe.

Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi kama 7. Plaiwudi iko chini ya sifuri, unategemea nini? Nailoni ya kuzuia mvuke usiingie ukutani ilikuwepo, tena upande wa ndani kama inavyotakiwa kwa baridi ile, ila aliyepitisha waya aliitoboa akaondoka zake. Watu wanabishana unene wa nailoni wakati hewa inayovuja kwenye tundu moja hubeba maji mengi kuliko yanayopenya jipsamu nzima.

Nikauacha ukuta wazi wiki tatu ukauke (mama watoto alinuna), nikabadilisha pamba iliyolowa, nikapiga tepu nailoni na silikoni kuzunguka boksi la soketi. Feni ya bafuni nikaikuta inapuliza darini! Nikaielekeza ipulize nje. Siku hizi nina kipima unyevu mezani. Kikivuka 40, sufuria zinafunikwa na nguo hazianikwi ndani.

Walioko Muscat au Dar wenye AC usiku kucha, msiige hiyo nailoni. Kwenu hewa yenye maji iko nje na ubaridi uko ndani, kwa hiyo mtayanasa maji nyuma ya jipsamu.

Wewe mkuu, kata kipande kidogo juu ya soketi ya ukuta huohuo, utupie picha hapa. Zima umeme kwanza.