Chozi wa Amani: usitaje jina kabla hujaliona tumbo

Mkuu acha kwanza hiyo spika. Eti Jumamosi unapeleka wageni kutazama ndege msitu wa Amani, umepakua milio ya ndege kwenye simu, sasa unauliza hamingbedi wa kule wanaliaje, utoke saa ngapi na darubini gani inafaa. Hamingbedi wako bara la Amerika tu! Huku kwetu ni chozi, vile vindege vinavyonyonya maua.

Mi yalinikuta hukohuko, milima ya Usambara Mashariki. Nina mgeni mmoja mzee, kasafiri kote huko kwa ajili ya chozi wa kijani mwenye kamstari kekundu kifuani, Anthreptes rubritorques, ambaye nje ya Tanzania humpati popote. Na kuna jamaa mmoja anajiita mkongwe wa msitu alishaniambia "ukiona mgongo kijani unang'aa na mstari kifuani, huyo ndiye, taja tu." Nikaingia mkenge. Asubuhi ndege yuko juu kabisa, jua liko nyuma yake, nikaona kijani, nikaona mstari, nikapayuka "yule pale!" Mzee wa watu akanikumbatia, akaandika kwenye daftari, mpaka soda za kupongezana tukanywa, na mi ndo nililipa.

Jioni anakuza picha. Koo kijani, mstari wa zambarau, tumbo njano kama ndizi mbivu. Kumbe ni chozi mwingine wa kawaida, Hedydipna collaris! Yule yule anayeshinda kwenye maua ya uani kwa mama.

Hakugomba, bora angegomba. Alikata lile jina kwa kalamu taratibu akaenda kulala. Kesho yake mvua kutwa, keshokutwa akaondoka, tipu hamna, na lile kundi la watu 6 aliloniahidi mwaka unaofuata likaenda kwa mwingine. Mkongwe namuuliza ananijibu "si ungekuwa makini." Makini gani wakati we ndo umenilisha matango pori!

Ile kung'aa ni mwanga tu unavyochezea manyoya, jua likikaa vibaya kijani inakuwa nyeusi na mstari unauona kwa rangi unayoiombea. Tumbo halina mng'ao, kwa hiyo halina ujanja. Tumbo njano na koo kijani, funga mdomo. Koo jeupe-jeupe, tumbo la kijivu, kamstari kekundu, hapo sasa taja. Jike lake ndo balaa, mstari hana kabisa, tumbo lina unjano ila na michirizi, usimtaje mpaka uione hiyo michirizi.

Sauti inakuonyesha tu pa kutazama. Zile kelele utakazosikia kutwa huko chini kivulini nyingi ni za chozi wa rangi ya zeituni, hang'ai hata kidogo, halafu nimeona watu wanamkimbilia kama wamesikia dhahabu. Tumbo mkuu, tumbo!

Siku hizi mgeni akinyoosha kidole tu juu namuuliza "tumbo?" Wapo walionitolea biskuti.