Stenlesi imepasuka kando ya weldi, nani mkosaji?

*Niliunda tanki ya stenlesi 304 hapa Kibuye, shiti ya milimita 8, nikapitisha weldi mara nne. Weldi iko sawa lakini nyufa zimetokea kandokando yake. Mbona?*

Fundi, usiilaumu weldi, shida iko kwa ule moto uliokaa hapo kando. 304 iko na kromiamu kama asilimia 18 na hiyo ndo inazuia kutu, sasa chuma ikikaa kati ya nyuzi 450 na 850 hivi kaboni inatoka inashikana na kromiamu kwenye mipaka ya chembe za chuma, na ule ukanda mwembamba unaopakana nayo unabaki na kromiamu kidogo sana, haijilindi tena, kutu inaula na ufa unaanzia hapo. Ni kama nyumba ya matofali imetolewa simiti, tofali ziko poa lakini ukuta unaenda. Na ulirudia mara nne bila kuacha ipoe, si ndio? Kila raundi uliongeza dakika kwa hiyo joto mbaya.

*Nikiipasha tena na gesi itapona?*

Wacha kabisa. Gesi ya mkono itakupeleka nyuzi 600, 700, yaani palepale pabaya. Dawa yenyewe ni nyuzi 1040 hadi 1120 halafu kupozwa haraka, kwa maji, ili kaboni irudi ndani na isipate nafasi ya kutoka tena, na hiyo inataka tanuru inayotosha tanki nzima, utaitoa wapi? Hata ukiipata, ufa uliokuwepo haujifungi. Kata hicho kipande, weka 304L, yaani 304 ya kaboni kidogo, na vijiti vya weldi vya 308L, na kila raundi ipoe kwanza.

*Kwa hivyo 304L haipasuki?*

Inapasuka, ila kwa njia ingine. L inamaanisha kaboni haizidi asilimia 0.03 basi, hiyo inakuokoa na shida ya kwanza tu. Ukiwa na maji ya chumvi ama klorini iliyokaukia hapo, joto ya kupita nyuzi 60 na chuma iliyo na mvutano ndani, itapasuka tu, L ama bila L.

*Sumaku inashika stenlesi yangu, niliuziwa feki?*

Si lazima. 430 inashika sumaku na ni stenlesi halali, na hata 304 ikikunjwa baridi inashika kidogo pale kwa kona. Ila hiyo kona ndo iko na mvutano, so kama unaweka maji moto ya chumvi, ufa anza kuutafuta hapo.