Barua kwa mwanangu: Udongo wa Naamani

Mwanangu Upendo,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, asubuhi nikaurudia. Unasema mhadhiri amewafundisha kwamba Waisraeli wa kale waliabudu miungu mingi kama majirani zao, nawe ukaniuliza: "Mama, sasa ni lini walianza kuamini Mungu mmoja? Na huo utaifa teule nani aliwapa?" Nimeona umeingiwa na wasiwasi, ndiyo maana sikutaka kukujibu kwa simu.

Mhadhiri wako hajasema uongo. Biblia yenyewe ilitangulia kuyasema hayo. Fungua Wafalme wa Pili, sura ya 23. Mfalme Yosia, mnamo 622 KK, aliiondoa Ashera, sanamu ya mungu wa kike, ndani ya hekalu la Yerusalemu akaiteketeza kwenye kijito cha Kidroni. Mstari unaofuata nimeusoma miaka mingi bila kuutilia maanani: humo humo hekaluni kulikuwa na nyumba ambamo wanawake walifuma mapazia ya Ashera. Hebu wawaze wanawake wale, mwanangu. Wameketi kwenye nyumba ya Bwana, nyuzi mikononi, wanafuma, na kwao hiyo ndiyo ibada. Tena mwaka 1975 na 1976, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mahali panapoitwa Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, wakakuta mitungi mikubwa ya yapata 800 KK. Mmoja umeandikwa baraka ya "Yahwe wa Samaria na Ashera wake"; Yahwe ndilo jina la Mungu wa Israeli, ambalo Biblia yetu huliandika Bwana. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba Ashera hapo ni nguzo ya ibada tu, si mungu wa kike. Vyovyote iwavyo, mwandishi wake hakuona haya kuwataja pamoja.

Na hata jina la Mungu lina historia. Israeli ni jina lenye El ndani yake. El ndiye aliyekuwa mkuu wa miungu ya Ugarit, mji wa pwani ya Syria ambao mabamba yake ya udongo yalianza kufukuliwa mwaka 1929. Yahwe, kwa upande wake, mashairi ya kale yanamleta kutoka kusini. Debora, kwenye Waamuzi 5, anaimba jinsi Bwana alivyotoka Seiri, akapita nyika ya Edomu. Na kwenye hekalu la Soleb, kando ya Nile huko Sudan, lililojengwa na Farao Amenhotep wa Tatu karne ya 14 KK, imeandikwa "nchi ya Shasu ya Yhw". Shasu walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Wengi wanaona hiyo ndiyo alama ya kale kuliko zote ya jina hilo, na mimi naona wana haki. Unakumbuka Musa alikuwa wapi alipoitwa? Alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe, kuhani wa Midiani, huko huko kusini. Kutoka 6:3 haifichi kitu: Ibrahimu, Isaka na Yakobo walimjua kama Mungu Mwenyezi, jina lake la Yahwe hawakulijua.

Lakini wa kukuonyesha jambo lenyewe ni Naamani, jemadari wa Shamu, yaani Syria. Ameponywa ukoma, anataka kumwabudu Mungu wa Israeli akirudi Dameski. Anamwomba nabii Elisha nini? Udongo. Mzigo wa baghala wawili wa udongo! Kwa akili ya wakati ule, mungu ana nchi yake. Ukitaka kumwabudu ugenini, lazima ubebe kipande cha nchi hiyo. Bibi yako alipohamia kwetu alikuja na mche wa sale kutoka kihambani, akaupanda nyuma ya jiko kabla hajafungua mizigo. Kila nikimsoma Naamani namwona yeye, magoti yake yakiwa na udongo.

Sasa chukua fikra hiyo uende nayo hadi 587 au 586 KK. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, amebomoa Yerusalemu, hekalu ni majivu, watu wamepelekwa Babeli. Hakuna aliyewafungia mizigo ya udongo. Ndipo wanauliza kwenye Zaburi 137 wataimbaje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Kwa hesabu za dunia ile, Marduki, mungu wa Babeli, ameshinda na Yahwe ameshindwa. Wangemwacha na mambo yangeishia hapo. Jirani zao Wamoabu walikuwa na mungu wao, Kemoshi. Jiwe la maandishi la mfalme wao Mesha, la karne ya 9 KK, linasema Moabu ilionewa na Israeli kwa sababu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kwa hiyo kusema "mungu wetu katukasirikia" hakukuwa kugeni. Kilichokuwa kigeni ni hatua iliyofuata: kama ni yeye aliyetuleta hapa, basi hata Nebukadreza ni mkono wake, na Marduki si kitu. Koreshi wa Uajemi alipoiteka Babeli mwaka 539 KK, maandishi yake mwenyewe yalidai kwamba Marduki ndiye aliyemchagua. Sauti tunayoisoma kuanzia Isaya 40 ikasema la, ni Bwana aliyemtia mafuta, na: "Mimi ni wa kwanza, na mimi ni wa mwisho, zaidi yangu mimi hapana Mungu." Ukiniuliza ni lini, nakujibu ni hapo ndipo lilipotamkwa waziwazi. Mbegu zilikuwepo tangu manabii Eliya na Hosea, waliosema usimwabudu mwingine. Kusema mwingine hayupo kabisa ni jambo jingine.

Uteule nao ulibadilika papo hapo. Kumbukumbu la Torati 32:8 kwenye Biblia yetu inasema Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Hati iliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, inasema "wana wa Mungu". Yaani kila taifa na mlezi wake wa mbinguni, na Yakobo akawa fungu la Yahwe. Hapo kuteuliwa hakushangazi, kwa kuwa kila mtu ana wake. Akibaki Mungu mmoja tu, swali lako ndipo linapouma: mbona wao? Kumbukumbu 7:7 inajibu kwamba hawakuwa wengi. Walikuwa wachache kuliko wote. Na nabii Amosi, miaka zaidi ya 150 kabla ya Yerusalemu kuanguka, alishawaambia kwa niaba ya Bwana: ninyi tu nimewajua, kwa hiyo nitawapatiliza maovu yenu yote. Kisha sura ya 9 mstari wa 7, ambao nakuomba uusome kwa sauti: "Je! Ninyi si kama wana wa Wakushi kwangu, enyi wana wa Israeli?" Wakushi ni watu wa Kushi, kusini mwa Misri. Wafilisti nao Bwana aliwatoa Kaftori, Washami akawatoa Kiri.

Mimi naamini, mwanangu, na hayo yote nimeyasoma nikiwa naamini. Muulize mhadhiri wako anauelewaje mstari ule wa Wakushi, uniandikie alivyojibu. Baba yako anakusalimu, na sale la bibi limechipua tena baada ya mvua.

Mama yako.