Maswali ya Wasomaji: Mtoto, Kazi na Mshahara

Swali: Mimi na mwenzangu wa kiume tuliajiriwa pamoja, cheo kimoja na mshahara mmoja. Leo nina watoto wawili, yeye ana watatu, lakini ameniacha mbali. Ni watoto, au ni mimi sikujua kudai?

Jibu: Watoto wake watatu hawamgusi mshahara kama wawili wanavyokugusa wewe, dada. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019 ulifuatilia kumbukumbu za mapato ya wazazi. Kipato cha mwanamume na cha mwanamke huenda sambamba hadi anapozaliwa mtoto wa kwanza. Hapo cha mama huporomoka, na miaka mingi baadaye bado kiko chini kwa takriban asilimia 20. Cha baba hakitikisiki. Na hiyo ni nchi ambayo serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama za vituo vya kulelea watoto!

Upungufu huo huingia kwa njia tatu: kuacha kazi kabisa, kupunguza saa, na kulipwa kidogo zaidi kwa kila saa. Kabla hujamkabili bosi, jua wako umeingia wapi. Usilinganishe mshahara wa mwezi, ugawanye kwa saa. Tuseme ulilipwa 100 kwa saa 40, yaani 2.5 kwa saa. Ukapunguza hadi saa 30, sasa unapata 68. Kwa saa hizo ulistahili 75. Zile 25 za mwanzo ziliondoka na saa zako; hizi 7 zimeondoka na cheo, nyongeza ya mwaka au posho, na ndizo za kudai. Wengi huingia ofisini wakilalamikia zote 32, bosi anajibu "si ulipunguza saa mwenyewe?", na mazungumzo yanafia hapo.

Ila si kudai tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitunga waombaji kazi wa kubuni wenye sifa sawa. Wanawake waliotajwa kuwa na watoto walionekana wana ari ndogo zaidi ya kazi, wakapendekezewa mshahara mdogo wa kuanzia. Wanaume wenye watoto hawakupunguziwa chochote.

Swali: Likizo ya uzazi ikiongezwa na sheria, si ndiyo nafuu yetu? Mbona wengine wanasema inatuponza?

Jibu: Uliza kwanza nani analipa. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14. Malipo yakikokotolewa kwa kipato cha awali, yasipungue theluthi mbili yake. Pia unasema kwamba, kwa kanuni, mwajiri asibebeshwe malipo hayo peke yake. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chenye uzito kwa anayetafuta kazi. Mfuko wa hifadhi ya jamii ukilipa, anayeajiri wanawake kumi na asiyeajiri hata mmoja wote wanachangia, hivyo kuwakwepa hakumpunguzii mtu gharama. Malipo yakitoka mfukoni mwa mwajiri, kila binti anayeingia kwenye usaili anaonekana deni linalokuja, hasa kwa kampuni ya watu watano.

Hispania ilipata somo la namna hiyo. Sheria ya 1999 iliwapa wazazi wa watoto wadogo haki ya kupunguza saa bila kufukuzwa. Waliotumia haki hiyo walikuwa karibu wote wanawake, na waajiri wakapunguza kuwapa wanawake wa umri wa kuzaa mikataba ya kudumu.

Urefu nao una kipimo. Likizo fupi mno humlazimisha mama kuacha kazi. Ndefu mno, anarudi wateja wake wamegawiwa wengine na mfumo umebadilishwa.

Swali: Likizo ya baba inasaidia?

Jibu: Inasaidia iwapo ni yake peke yake. Sweden iliruhusu wazazi kugawana likizo tangu 1974, lakini akina baba walichukua kiasi kidogo tu. Mwaka 1995 ilitengwa miezi miwili, mmoja kwa kila mzazi, ambao asipouchukua unapotea, na baba waliochukua wakaongezeka. Kupanda kwa mshahara wa mama ni habari nyingine; hakuji haraka hivyo.

Swali: Naondoka kwa likizo ya uzazi baada ya miezi miwili. Nifanye nini sasa?

Jibu: Andika barua, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Itaje tarehe ya kuondoka na ya kurudi, cheo utakachorudia na mshahara wake. Omba ijibiwe kwa maandishi kama nyongeza ya mwaka na michango ya pensheni vitaendelea ukiwa nje, kwani hapo ndipo fedha hupotea kimyakimya. Tathmini yako ya kazi ifanywe kabla hujaondoka. Ikisubiri urudi, utapimwa kwa miezi ambayo hukuwepo. Ukitaka saa pungufu baadaye, omba ziwe na tarehe ya mwisho. Bila tarehe hiyo, kurudi kwenye saa zako za zamani kunakuwa ombi jipya, na linaweza kukataliwa.