Kubeua na kwikwi: fuata hewa inakokwenda

Nyumbani tunabishana. Mimi nasema kubeua na kwikwi ni kitu kimoja, mke wangu anakataa. Nani yuko sahihi?

Mkeo. Swali hili linarudi kila mara, na leo nalijibu kwa kirefu ili lisirudi tena. Tazama hewa inakwenda wapi. Anayebeua (au anayecheua, kama wengine mnavyosema) anatoa hewa iliyojaa tumboni: msuli unaobana mdomo wa tumbo unalegea, hewa inapanda kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kutokea kinywani. Mwenye kwikwi hatoi hewa, anaivuta. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinajikaza ghafla bila kuamriwa na hewa inaingia kwa kasi. Kufumba na kufumbua, milisekunde kama 35 tu, mlango wa sauti unajifunga kooni. Ule mlio unaousikia ni wa mlango huo kufunga njia. Ndiyo maana unaweza kujizuia kubeua mbele za wageni, lakini kwikwi haikuombi ruhusa.

Nabeua siku nzima, pengine mara mia. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo miezi mitatu na sijapona. Niongeze dozi?

Usiongeze. Kwanza niambie, nani alikupima akaona vidonda? Barua za namna hii ni nyingi kuliko zote ninazopata, na zinanisikitisha. Mtu anabeua, jirani anamwambia ni vidonda, anaanza kumeza dawa. Vidonda husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na baadhi ya dawa za maumivu, na bakteria huyo ana vipimo vyake. Kubeua peke yake si ushahidi. Dawa ya kupunguza asidi inapunguza asidi, haiondoi hewa.

Anayebeua mara nyingi kiasi hicho, kwa kawaida hewa yake haikufika hata tumboni. Anaivuta kwenye umio na kuirudisha papo hapo bila kujua. Ni mazoea ya mwili, na huzidi mtu akiwa na wasiwasi. Jichunguze: je, hali hiyo hukoma ukiwa usingizini, na hupungua unapozungumza? Kama ndivyo, tiba yako ni kujifunza upya kupumua kwa kutumia tumbo, ukiongozwa na mtaalamu. Punguza pia soda, chingamu na kula mbiombio.

Lakini ukiona unakonda bila sababu, chakula kinakwama kikishuka, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, nenda hospitali. Na yeyote anayebeua huku kifua kimembana na jasho linamtoka, asidhani ni gesi. Moyo nao hulalamika hivyo. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nikinywa maji yenye magadi nabeua vizuri na kusikia nafuu. Si ni dawa?

Gesi unayobeua ni ile uliyoitengeneza wewe mwenyewe magadi yalipokutana na asidi ya tumbo. Acha, hasa ukiwa umeshiba sana: wapo waliopasuka tumbo kwa njia hiyo.

Mwanangu ana wiki sita, kila akinyonya anapata kwikwi. Nimpe maji kidogo?

Hapana, mama. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji. Kwikwi alianza nayo akiwa bado tumboni mwako, na haimuumizi. Mweke begani umcheulishe katikati ya kunyonya na baada ya kumaliza, basi.

Baba ana kwikwi siku ya tatu. Tumemshtua, tumemvuta ulimi, tumembonyeza macho. Kuna mbinu nyingine?

Mbinu iliyobaki ni kumpeleka hospitali leo. Kubana pumzi au kunywa maji ya baridi ni kwa kwikwi ya dakika chache. Kumbonyeza mzee macho ni hatari, msirudie. Kwikwi ikipita saa 48 haiitwi tena ya kawaida. Inaweza kutokana na asidi kupanda kooni, figo kushindwa kazi, kiharusi kilichogusa shina la ubongo, au dawa anazotumia, kwa mfano deksamethasoni. Bebeni dawa zake zote daktari azione. Zipo dawa za kutuliza kwikwi, kama klopromazini na baklofeni, ila anayeziandika awe daktari, kwani kwa mzee zinaweza kuleta usingizi mzito na kuangusha presha.

Wengine mnapenda kunitajia Charles Osborne wa Marekani, aliyekuwa na kwikwi tangu 1922 hadi 1990. Kweli aliishi nayo. Hiyo si sababu ya kumwacha baba hata siku ya nne.

Sijawahi kubeua maishani. Nikinywa soda koo linanguruma na kifua kinajaa. Nimeambiwa nimejipa ugonjwa kwa mawazo.

Hujajipa. Msuli wa juu wa umio, ulioko kooni, unakataa kulegea, hivyo hewa haina pa kutokea. Madaktari waliielezea hali hii kikamilifu mwaka 2019, kwa hiyo wengi bado hawaijui. Muone daktari wa masikio, pua na koo. Wagonjwa wengi huchomwa sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, kwenye msuli huo, wakabeua kwa mara ya kwanza siku chache baadaye.