Mawakili wakikuandikia kuhusu domeni yako, jibu

Wadau, naandika hii kwa sababu nimeona watu wananyang'anywa domeni (anwani za saiti, zile za .com na kadhalika) ambazo zilikuwa haki yao kabisa, kisa waliogopa imeili ya mawakili wakanyamaza.

Mimi nauza kanga na vitenge mtandaoni, na domeni yangu ya .com ni jina la bibi yangu mzaa mama. Siku moja ikaingia imeili ya mawakili wa kampuni ya vipodozi huko Ulaya, eti jina hilo ni alama yao ya biashara, niwahamishie domeni haraka la sivyo wananishtaki WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu, ambalo pia husikiliza migogoro ya domeni. Aisee ukisoma lugha yao unaweza kudhani polisi wako mlangoni. Lakini barua ya wakili siyo hukumu, tulia kwanza.

Cha kwanza angalia kama ni ya kweli, maana matapeli wapo, ile ya "kuna mtu anataka kusajili jina lako kwa .cn, wahi ulipie wewe" ni ya miaka mingi, we futa tu. Barua ya kweli inataja alama yenyewe na imesajiliwa nchi gani. Ingia kwenye Global Brand Database ya WIPO, orodha yao ya alama za biashara mtandaoni, ni bure, tafuta hilo jina uone walisajili lini na kwa bidhaa gani. Hiyo tarehe ishike sana.

Kwa sababu domeni za .com, .net na .org migogoro yake inaamuliwa kwa utaratibu unaitwa UDRP, ICANN (shirika linalosimamia majina ya domeni duniani) waliupitisha 1999, na mlalamikaji anatakiwa athibitishe vitu vitatu, vyote: kwamba domeni inafanana na alama yake mpaka inachanganya watu, kwamba wewe huna haki wala sababu halali ya kuwa na hilo jina, na kwamba uliisajili na unaitumia kwa nia mbaya. Akikosa kimoja tu kashindwa. Cha kwanza huwa wanakipata kirahisi, usimalize nguvu hapo, vita iko kwenye hivyo viwili vya mwisho. Kama uliinunua domeni kabla alama yao haijazaliwa, watasemaje ulikuwa unawalenga wao? Ila kama uliinunua mkononi kwa mtu, kinachohesabika ni siku wewe ulipoipata, siyo siku yule wa kwanza aliposajili.

Basi mimi nikakusanya risiti ya kununulia domeni, skrinshoti za saiti yangu ya zamani kutoka Wayback Machine (saiti inayohifadhi kurasa za zamani za mtandao), cheti cha jina la biashara cha BRELA (wakala wa Tanzania wa kusajili biashara), na karatasi inayoonyesha jina la bibi, nikaandika barua fupi ya heshima nikaambatanisha kila kitu. Wakili wao akajibu kwamba wamepokea, baada ya hapo kimya mpaka leo.

Kitu kimoja naomba mnielewe: usitaje bei. Mwaka 2004 kuna kijana wa Canada anaitwa Mike Rowe alikuwa na mikerowesoft.com, ambayo ukiitamka inasikika kama Microsoft, Microsoft wakamwambia watampa dola 10, yeye akataka 10,000, na mawakili wakaishika hiyohiyo elfu kumi kama ushahidi kwamba shida yake ilikuwa pesa. Na jina lilikuwa lake kweli! Pia usikimbilie kubadilisha jina la mmiliki wala kuihamishia kampuni nyingine inayouza domeni, inaonekana unakimbia, na kesi ikishafunguliwa domeni inafungwa haihamishiki.

Wakifungua kesi kweli una siku 20 za kujibu, ukiomba 4 za nyongeza unapewa. Kujibu hulipii. Anayelipa ni mlalamikaji, pale WIPO ni dola 1,500 kwa domeni moja mpaka tano kama mwamuzi ni mmoja, wewe utachangia tu ukitaka waamuzi watatu wakati yeye kaomba mmoja. Na hata ukishindwa UDRP haina faini wala fidia, wanachukua domeni au inafutwa, basi, na una siku 10 za kazi za kwenda mahakamani kabla haijahamishwa.

Rafiki yangu wa Mombasa yeye hakujibu. Domeni yake ilikuwa haina kitu, kampuni aliyoinunulia ikawa inaweka matangazo yenyewe, na matangazo yakawa ya bidhaa zilezile za mlalamikaji. Yeye hata hakuwa anajua! Lakini waamuzi wanasema ukurasa ni wako, matangazo ni yako, na kwa vile hakukuwa na neno lake hata moja wakaamua kwa walichoambiwa na upande mmoja. Inaniuma mpaka leo kwa sababu alikuwa na hoja nzuri tu. Kwa hiyo domeni ambayo hujaijenga, zima hayo matangazo, weka hata ukurasa mmoja unaosema unataka kuifanyia nini.

Wenye .co.ke, hiyo iko chini ya KeNIC, wanaosimamia domeni za Kenya, na wana utaratibu wao wa migogoro, someni huo. Na wote leo hii ingieni kwenye akaunti mliyonunulia domeni muangalie imeili iliyoandikwa kama bado mnaifungua, maana taarifa ya kesi inatumwa hapo, na zile siku 20 zinahesabiwa hata kama hujaisoma.